Jaji kujitoa kwenye kesi: maana yake, na kwa nini Constance Baker Motley alikataa

Jaji akijitoa kwenye kesi, anaacha kuisikiliza na jalada linapangiwa jaji mwingine, kwa sababu kuna jambo linalomfunga yeye binafsi na shauri lenyewe au na mmoja wa wadaawa. Anaweza kujitoa bila kuombwa na mtu, na anaweza pia kuombwa na upande mmoja. Katika mahakama za Tanzania ombi hili mara nyingi husikika kwa maneno machache tu: hatuna imani na jaji. Septemba 2021, katika kesi ya Freeman Mbowe na wenzake jijini Dar es Salaam, jaji wa kwanza alijitoa baada ya washtakiwa kutamka hivyo. Constance Baker Motley, jaji mweusi wa Marekani, naye aliombwa kujitoa mwaka 1975, lakini akakataa.

Wengi hushangaa wakiambiwa kwamba ombi hilo kwa kawaida huamuliwa kwanza na jaji yuleyule anayekataliwa. Lakini fikiria ingekuwaje kama kutamka tu kungetosha kumwondoa. Kila aliyeona kesi inamwendea kombo angemkataa jaji wake leo, wa pili kesho, mpaka ampate anayempendeza. Ndiyo maana jaji ana wajibu wa aina mbili: kujitoa panapostahili, na kubaki pasipostahili kujitoa. Huo wa pili husahaulika sana. Anayejiondoa kwa kuogopa maneno ya watu anamtwisha mwenzake kesi ambayo ilikuwa yake, na anayepiga kelele anajua sasa kwamba kelele zinasaidia.

Nchini Marekani, sheria ya mahakama za shirikisho kuhusu jambo hili ilipanuliwa mwaka 1974. Baadhi ya masharti yake hayana utata. Jaji mwenye hisa katika kampuni iliyo mbele yake atoke, hata kama hisa ni moja. Aliyewahi kuwa wakili katika shauri hilohilo atoke. Mwenye ndugu wa karibu katika kesi atoke. Halafu kuna sharti la jumla: atoke pia pale ambapo mtu mwenye busara, akijua mambo yote, anaweza kutilia shaka kama jaji huyo hatapendelea. Ugomvi wote uko hapo. Huyo mwenye busara ni nani hasa, na anapomtazama jaji mweusi au jaji mwanamke, anaona nini?

Kabla ya ugomvi, tuone mfano usio na ubishi. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo ndiyo ya juu kabisa nchini humo, ilifuta hukumu ya Muhammad Ali, bondia aliyekataa kwenda jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Kura zilikuwa 8 kwa 0, ingawa majaji wa mahakama hiyo ni 9. Asiyepiga kura alikuwa Thurgood Marshall, mtu mweusi wa kwanza kukaa kwenye mahakama ile. Rangi yake na ya Ali haikuwa sababu. Kabla ya kuwa jaji mwaka 1967, Marshall alikuwa wakili mkuu wa serikali katika mahakama hiyohiyo, na kesi ya Ali ilianza ofisi hiyo ikiwa mikononi mwake. Mtu hawezi kuwa wakili wa upande mmoja leo na kesho akawa mwamuzi wa jambo lilelile. Akakaa pembeni. (Huyu ndiye Marshall ambaye mwaka 1960 alikwenda London, kwenye mkutano wa Lancaster House, kuwasaidia wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika suala la haki za binadamu kwenye katiba yao.)

Kwa Constance Baker Motley mambo yalikuwa tofauti.

Motley alizaliwa mwaka 1921 New Haven, Connecticut, mtoto wa tisa kati ya kumi na wawili. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis katika Karibi, na baba yake alikuwa mpishi wa vyama vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Nyumbani hapakuwa na fedha za chuo. Tajiri mmoja Mzungu, Clarence Blakeslee, alimsikia akizungumza kwenye mkutano wa hadhara, akapenda ujasiri wake, na akajitolea kumlipia masomo. Mwaka 1946 alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Columbia, na tayari alikuwa ameanza kazi katika ofisi ya Marshall, iliyokuwa ikitetea haki za watu weusi mahakamani.

Alikaa huko takribani miaka ishirini, na hakuwa wakili wa kukaa ofisini. Yeye ndiye aliyeandika hati ya awali ya madai katika kesi ya Brown, iliyomaliza kisheria utengano wa rangi katika shule za umma mwaka 1954. Alimtetea James Meredith, mwanafunzi mweusi, mpaka akaingia Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka 1962, katika jimbo ambalo wakili mweusi alikuwa akihatarisha maisha kwa kufika tu. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kusimama kama wakili mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani. Alipeleka hoja huko katika kesi kumi, akashinda tisa.

Januari 1966 Rais Lyndon Johnson alimpendekeza kuwa jaji wa shirikisho jijini New York. Seneta James Eastland wa Mississippi, mwenyekiti wa kamati iliyopaswa kumpitisha, aliukalia uteuzi huo kwa miezi huku akimtuhumu kuwa mkomunisti. Agosti mwaka huo Seneti ikamthibitisha, na hapo akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho nchini Marekani.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1975, kesi moja ya madai ilikuwa mezani kwake. Mwanasheria mwanamke alikuwa ameishtaki Sullivan & Cromwell, moja ya kampuni kubwa za mawakili New York, akidai inawabagua wanawake. Upande wa kampuni ukamwomba Motley ajitoe. Hoja yao, ukiivua adabu ya kisheria, ni hii: wewe ni mwanamke, wewe ni mweusi, na umetumia ujana wako kuwatetea waliobaguliwa, kwa hiyo lazima utaegemea upande wa mdai.

Motley hakukana hata kimoja. Alikubali kwamba kwa muda mrefu aliwatetea watu weusi waliobaguliwa, na kwamba aliwahi kuwa wakili mwanamke kama huyo mdai. Kisha akawauliza, kwa maana hii: kama jinsia, rangi au kazi ya zamani vinatosha kumwondoa jaji, nani atabaki? Majaji wote wa mahakama ile waliwahi kuwa mawakili. Wote wana jinsia, na wengi walitokea katika kampuni mashuhuri za mawakili. Akakataa kujitoa. Kampuni ikakimbilia mahakama ya rufani, nayo ikakataa kumwondoa.

Kwa maoni yangu, nguvu ya jibu lile haiko katika utetezi wake binafsi. Aliigeuza hoja ili waliomkataa waione kwa upande wa pili. Kumwomba mwanamke ajitoe katika kesi ya wanawake ni kudhani kwamba mwanamume, yeye, hana jinsia. Kwamba anaingia mahakamani kama karatasi isiyoandikwa kitu. Lakini kesi ile ilikuwa kati ya wanawake na waajiri wanaume. Kama mdai angemkataa jaji mwanamume kwa sababu ya uanaume wake, New York nzima ingecheka.

Hakuwa peke yake katika vita hivyo. Mwaka 1974 jaji mwingine mweusi, Leon Higginbotham wa Philadelphia, alikuwa ameombwa kujitoa na chama cha wafanyakazi wa mitambo ya ujenzi, Local 542, kilichoshtakiwa kwa kuwabagua weusi. Sababu waliyoitoa ni kwamba alikuwa ametoa hotuba mbele ya wanahistoria weusi. Higginbotham aliandika uamuzi mrefu, na ndani yake mna hasira iliyofungwa kamba vizuri. Alieleza kwamba kwa vizazi watu weusi wamepeleka kesi za ubaguzi mbele ya majaji weupe, na hakuna aliyesema weupe wao unawanyima sifa. Akabaki kwenye kesi, na mwaka 1978 aliamua kwamba chama kile kweli kilibagua.

Matokeo ya Motley hayakuwa na kishindo hicho, kwani kesi ya Sullivan & Cromwell iliisha kwa makubaliano mwaka 1977. Mwaka uliofuata aliamua kwamba mwandishi wa habari za michezo asizuiwe kuingia chumba cha wachezaji wa besiboli katika uwanja wa Yankees kwa sababu tu ni mwanamke, wakati wenzake wanaume wanaruhusiwa. Kuanzia 1982 hadi 1986 alikuwa jaji mkuu wa mahakama ile ya New York. Alifariki mwaka 2005.

Uamuzi wake wa 1975 bado hunukuliwa pale jaji anapokataliwa kwa sababu ya alivyozaliwa badala ya alichofanya. Hata hivyo una mpaka. Haumkingi jaji mwenye hisa, wala aliyekwisha tamka nje ya mahakama nani atashinda. Vilevile pengo moja la zamani limebaki wazi juu kabisa: jaji wa shirikisho wa ngazi ya chini akikataa kujitoa, mahakama ya rufani inaweza kumrekebisha, lakini kila mmoja wa wale 9 wa Mahakama Kuu hujiamulia mwenyewe, na hakuna mahakama ya juu yake ya kumwambia atoke. Novemba 2023 mahakama hiyo ilitangaza kanuni za maadili za majaji wake, ila haikuweka chombo cha kuzisimamia.