Mfumo mpya hospitalini: usikubali kuwa na majalada mawili

Tangu hospitali yetu ianze kuhamishia kumbukumbu za wagonjwa kwenye toleo jipya la mfumo wa kielektroniki, malalamiko mapokezini yameongezeka. Wengi wanauliza kwa nini wanahojiwa upya majina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya NIDA ilhali wametibiwa hapa miaka mingi. Wengine wamesikia mitaani kwamba faili za zamani zimefutwa. Hazijafutwa. Nakala rudufu ilichukuliwa kabla ya kuhamisha chochote.

Kinachochelewesha kazi ni majalada pacha. Aliyeandikishwa Juma Saidi alipokuja na bima, akarudi kama Saidi Juma akilipa taslimu, kwa mfumo ni watu wawili. Mzee asiyejua tarehe yake alipewa 1 Januari, safari nyingine akapewa 1 Julai. Jalada la kwanza likiwa na onyo kwamba penisilini inamdhuru, daktari aliyefungua la pili halioni. Hapa naomba tuelewane: kusema "nifungulieni faili jipya, lile limepotea" ili kukwepa foleni ya masjala ni kuyatupa majibu yako ya vipimo na historia ya dawa zako.

Kuazimana kadi ya bima ni kubaya zaidi. Ndugu yako akitibiwa kwa jina lako, sukari yake na dawa zake za presha zinaandikwa kwako. Siku ukiletwa hujitambui, daktari atasoma ugonjwa usio wako.

Ofisa masjala akibaini majalada pacha haruhusiwi kuyaunganisha peke yake. Anajaza fomu, analinganisha majina, tarehe ya kuzaliwa, kitambulisho na namba ya simu, kisha mtoa huduma anathibitisha historia ya ugonjwa. Baada ya hapo ofisa wa TEHAMA mwenye idhini huunganisha. Namba ya zamani hubaki. Ile ya pili hufungwa, haifutwi, na mfumo hutunza jina la kila aliyegusa jalada na saa aliyoligusa. Kwa hiyo kumfokea kijana wa dirishani hakusaidii. Jina lililobadilika kabisa lithibitishwe kwa hati ya kisheria. Mtoto aje na cheti cha kuzaliwa. Asiyenacho, kadi ya kliniki. Mgonjwa wa dharura anatibiwa kwanza, kitambulisho kitafuata.

Kuhusu usiri, taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Anayezitoa kinyume cha sheria anakabiliwa na faini ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa taasisi, faini ni kuanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Ndiyo maana hatumsomei mume majibu ya mkewe kwa simu, hata akituma picha ya cheti cha ndoa. Mwenye taarifa ana haki ya kuomba kuziona na kutaka makosa yarekebishwe.

Mtandao ukikatika katika kipindi hiki, huduma zitaendelea kwa fomu za karatasi, nasi tutaziingiza baadaye. Tunza nakala utakayopewa na uje nayo hudhurio linalofuata, tuilinganishe na kilichoingizwa kwenye mfumo kabla hujaonana na daktari.