Magoti ya Ushimatsu na Upole wa Mzee Isaac

Wiki hii nimeulizwa tena, kwa mara ambayo sikumbuki ni ya ngapi, kwa nini ninafundisha riwaya za waandishi wabaguzi, na ushahidi niliowekewa mezani ulikuwa ule ule wa siku zote: orodha ya matusi, kila moja na ukurasa wake. Kwamba matusi hayo ni ya wahusika, wala si ya msimulizi, sembuse mwandishi, sitalirefusha. Anayebisha na asome Untouchable ya Mhindi Mulk Raj Anand (1935), ambamo Bakha, msafisha vyoo wa tabaka linalohesabiwa najisi kuguswa, anamgusa mpita njia kwa bahati mbaya na kutukanwa mbele ya umati, kisha anieleze tukio hilo lingebaki na nini matusi yakifutwa.

Linaloniudhi zaidi ni imani iliyojificha nyuma ya orodha, kwamba pasipo tusi hapana ubaguzi. Hakai, riwaya ya Mjapani Shimazaki Tōson (1906), inamhusu Ushimatsu, mwalimu wa tabaka lililotengwa ambaye baba yake alimwamuru asimfichulie yeyote asili yake. Mwaka 1939 ilitolewa upya, majina ya dharau ya tabaka hilo yakiwa yamelainishwa, na matini ya awali haikurejeshwa hadi 1953. Wapenzi wa orodha wangeridhika na toleo hilo laini. Lakini Ushimatsu anapopiga magoti mbele ya wanafunzi wake na kuomba radhi kwa kuwaficha asili yake, kana kwamba mkosaji ni yeye, ni jina gani la adabu litakalomwinua? Nakiri kwamba hapa msimamo wangu unayumba: sijui kama riwaya inailaani jamii iliyompigisha magoti, au nayo imekwisha kukubali kwamba asili yake ni doa. Darasani nimewahi kutetea majibu yote mawili, kila moja kwa uhakika ambao sasa unanitia haya.

Kuhusu No Longer at Ease ya Chinua Achebe (1960) siyumbi. Obi, msomi aliyerejea kutoka Uingereza, anataka kumwoa Clara, ambaye ni osu, yaani mzawa wa ukoo uliowekwa wakfu kwa miungu ya Waigbo na hivyo kutengwa. Anayempinga si mjinga wala katili. Ni baba yake, Isaac, katekista mstaafu, ambaye ndiye yule kijana Nwoye aliyeingia Ukristo katika Things Fall Apart (1958), riwaya ambamo kanisa hilo hilo linawapokea osu. Mzee huyu hapayuki. Anakiri kwamba babake Clara ni mtu mwema na Mkristo wa kweli, kisha anaongeza kuwa ni osu, na kwa upole wa mzazi anamweleza mwanawe kwamba machoni pa watu hali hiyo ni kama ukoma.

Katika orodha niliyoletewa, ukurasa huo haumo.