Kula Unguja na watoto bila kuvunja kibubu: yasemwayo na yalivyo

Nauli ya boti inajulikana kabla ya kuondoka, na bei ya chumba pia. Hesabu ya safari ya Unguja huharibikia mezani. Familia ya watu 4, milo 3 kwa siku, siku 5, ni sahani 60. Kifungua kinywa kikiwa ndani ya bei ya chumba, bado unabaki na sahani 40 za kulipia. Hapo ndipo maneno ya kusikia yanapowagharimu watu.

"Unguja kila kitu ni bei ya mtalii."

Kuna bei mbili, na mara nyingi zimetenganishwa na mwendo wa dakika 5 tu kwa miguu. Nungwi, Paje na Jambiani zimejengeka namna moja: mahoteli yamepanga mstari ufukweni, kijiji kiko nyuma yake. Ukila miguu ikiwa mchangani unalipia bahari. Ukivuka kwenda upande wa barabara ya kijijini, kwenye msikiti, skuli na kituo cha daladala, utakuta mikahawa ya wenyeji: meza 4 au 5, masufuria yenye mifuniko, na mara nyingi hakuna menyu iliyoandikwa. Mjini hali ni hiyo hiyo. Darajani, Mkunazini na Michenzani wanakula wafanyakazi na wanafunzi, na bei inafuata mifuko yao. Lukmaan, mkahawa wa Mkunazini, inajulikana hata kwa wageni, lakini mtindo wake ni huo huo wa kupita mbele ya vyakula, kuchagua kwa kidole na kupakuliwa.

Kosa la kwanza la mgeni ni kuomba menyu. Uliza, "Leo mmepika nini?" Mpishi wa mkahawa wa namna hii hupika chungu kimoja cha wali wa nazi, pengine pilau, mchuzi wa samaki, maharage na mchicha, na huanza asubuhi ili viive kwa chakula cha mchana. Saa 6 hadi saa 8 kila kitu kipo na ni cha moto. Saa 9 wali umebaki wa kukwangua, na kinachoweza kupikwa upya ni chips, ambazo viazi vyake kwa kawaida vimevuka bahari kutoka bara. Familia inayotoka kuogelea saa 9 na nusu ikaishia kula chips mayai kila siku haikukosa mkahawa. Imekosa saa. Ijumaa wahi zaidi au subiri, maana wakati wa sala wengi hufunga.

Jambo la pili ni ujazo. Sahani moja ya wali ya mtu mzima huwatosha watoto 2 wa chini ya miaka 7. Agiza sahani 3 kwa watu 4, omba sahani tupu 2 na mchuzi wa ziada. Hakuna anayeshangaa, ndivyo familia za hapo zinavyokula. Kiti kirefu cha mtoto usikitegemee, lakini hakuna pombe mezani, na mtoto anayepiga kelele hamkeri mtu.

"Forodhani ndiko rahisi na ndiko samaki wabichi walipo."

Forodhani, bustani ya Mji Mkongwe yenye mabanda ya vyakula usiku, ni mahali pazuri pa kupeleka watoto jioni: taa, moshi, miwa inayokamuliwa, vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani. Ila mabanda yale yanaishi kwa wageni. Vijiti vya pweza, ngisi, kamba na jodari vilivyopangwa mezani kwa kawaida vimeshapikwa mapema, kisha hupashwa moto ukishachagua. Vikikaa wazi tangu magharibi hadi saa 4 usiku katika joto la pwani, si chakula cha kumpa mtoto wa miaka 3. Ukitaka vya baharini pale, fika mapema jua linapozama, na kisirudi kwako mpaka kimepashwa hadi ndani.

Bili hupanda kwa njia moja. Sahani inajazwa kijiti juu ya kijiti huku mazungumzo yakiendelea, na jumla inatajwa mwisho. Uliza bei ya kila kijiti kabla hakijagusa sahani, taja jumla kwa sauti, kisha ndipo kiende motoni.

Kinachofaa zaidi kwa watoto pale ni pizza ya Zanzibar, ambayo inashirikiana na pizza ya Italia jina tu. Mpishi anavuta donge la unga mpaka liwe jembamba kama karatasi, anaweka nyama ya kusaga, kitunguu na hoho, anavunja yai juu, anakunja pembe nne na kuliweka kwenye chuma chenye mafuta. Kila unachoongeza, jibini, kuku, kamba, kinaongeza bei. Ya nyama na yai peke yake inashibisha. Tatizo lake ni yai la katikati. Moto ukiwa mkali, nje hugeuka kahawia na ndani bado kuna utelezi. Mwambie aiache hadi ikaze, na kabla ya kumkatia mtoto ipasue katikati uone.

Urojo, rojo la njano lenye viazi na bajia, kaunywe mitaani, alasiri, wanapounywa wenyeji.

"Chakula cha Zanzibar kina pilipili, watoto hawatakula."

Viungo na pilipili ni vitu viwili. Pilau ina bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Harufu ni nyingi, mwasho ni mdogo. Wali wa nazi na mchuzi wa samaki wa nazi ni vyakula vya watoto kabisa. Pilipili yenyewe huja pembeni, kwenye kibakuli au chupa. Urojo ndio wa kuangalia: muuzaji anachota rojo la njano, anatia viazi, bajia, kachori, chips za muhogo na chatne, na pilipili inaingia mwisho kabisa, kwa kijiko kimoja cha haraka. Sema "usitie pilipili" kabla hajachota. Ukisema baada ya hapo umechelewa. Hata bila pilipili una uchachu wa embe mbichi, ndimu au ukwaju, na mtoto mwenye tumbo tupu hapendezwi nao. Kwenye pilau, toa punje za karafuu na iliki kwenye sahani ya mtoto. Akiuma moja atagoma kula sahani nzima.

"Hiki ni kisiwa, samaki ni bei ya chini siku zote."

Bei ya samaki inafuata maji na upepo. Pweza ni mfano mzuri. Huko mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, wanawake humtafuta kwenye miamba kwa miguu, na miamba huonekana vizuri maji ya bamvu yakitoka, yaani siku za karibu na mwezi mpya na mwezi mpevu. Siku hizo maji hutoka kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, kwa hiyo kuanzia adhuhuri pweza wapo. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni wachache, na unayeletewa mezani huenda ametoka kwenye friza. Si vibaya, ila usilipe bei ya mbichi. Pweza akipikwa haraka anakuwa mpira. Anataka kuchemshwa taratibu karibu saa nzima. Mkahawa unaomleta dakika 15 baada ya kuagiza ulishamchemsha, na hilo ni jema.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mbalamwezi ikiwa kali hupungua. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, Juni hadi Agosti, ngalawa nyingi hushindwa kutoka upande wa mashariki na bei hupanda.

Kisha kuna maneno mawili ya hatari kwenye menyu: "bei ya soko". Kambakochi, kamba wakubwa na samaki mzima huuzwa kwa uzito. Samaki hupimwa kabla ya kuparwa na kutolewa matumbo, kwa hiyo kilo uliyolipia si kilo unayokula. Omba aletwe mezani, apimwe mbele yako, bei itajwe pamoja na wali au chips. Changu au tasi mzima wa kuchoma hugawika kwa watu wengi kuliko vipande vya jodari vya sahani nne. Kwa watoto, mzazi achambue miba kwa vidole, si kwa uma.

"Chukua hoteli yenye vyakula vyote ndani, utaokoa."

Wakati mwingine ni kweli. Tuseme chakula cha usiku kinaongeza dola 20 kwa mtu mzima na 10 kwa mtoto. Kwa watu 4 ni dola 60 kila usiku, 300 kwa siku 5, mle au msile. Ukikaa mjini, Nungwi au Paje, penye mikahawa mingi ya kufikika kwa miguu, utatumia kidogo kuliko hapo. Ukikaa Matemwe au Pongwe kwenye hoteli iliyojitenga, mambo yanageuka: daladala za shamba, yaani nje ya mji, huadimika jioni, na teksi ya kwenda na kurudi inakula tofauti yote. Kwa hiyo angalia ramani kwanza, halafu bei. Uliza pia umri ambao mtoto anaanza kulipiwa, kwani kila hoteli ina wake.

Menyu ikiwa kwa dola, uliza wanabadilisha kwa kiwango gani. Tofauti ya shilingi 100 kwa dola kwenye bili ya dola 60 ni shilingi 6,000. Na soma mstari mdogo wa chini: kodi na huduma zimo, au zinaongezwa?

"Ramadhani hakuna chakula."

Mchana mikahawa ya wenyeji hufungwa, na kula barabarani ni utovu wa adabu. Mtoto mdogo hafungi, lakini mlishe ndani. Hoteli za wageni hupika kama kawaida. Kuanzia alasiri, hata hivyo, Darajani na mitaani hujaa futari: muhogo wa nazi, ndizi, viazi vitamu, tambi za sukari, sambusa, katlesi, uji wa pilipili manga. Nunua, funga, kaleni chumbani. Ni vyakula laini, vitamu, vya watoto hasa. Kinachobana zaidi ni msimu wa masika, Aprili na Mei, ambapo baadhi ya mikahawa ya ufukweni hufunga kabisa.

"Pa wenyeji tumbo la mtoto litaharibika."

Kinachoharibu tumbo ni chakula kilichopoa. Chungu kinachotoa mvuke saa 6 na nusu, na watu wamepanga foleni, ni salama kuliko bufee ya kifahari iliyokaa vuguvugu kwa muda wa saa 3. Epuka wali wa mchana unaouzwa usiku, barafu usiyojua maji yake, kachumbari ya tangu asubuhi na matunda yaliyokatwa mapema. Ndizi na chungwa menya mwenyewe. Dafu lifunguliwe mbele yako.

"Papasi anajua pa kula."

Papasi, yaani kijana anayewafuata wageni mitaani na kujitolea kuwaongoza, anapajua panapomlipa kamisheni, na kamisheni hiyo imo kwenye sahani yako.

"Ukiagiza saa 7 utakula saa 7 na nusu."

Mikahawa midogo ya ufukweni ina majiko mawili ya mkaa, na samaki hununuliwa baada ya kuagizwa. Kusubiri saa moja ni kawaida, moja na nusu si ajabu, na mtoto wa miaka 4 hana subira hiyo. Pitia asubuhi mnapoelekea kuoga, taja vyakula, idadi na saa ya kula, mkubaliane bei, uache kianzio kidogo kwa ajili ya samaki. Kwenye mfuko wa taulo weka mkate wa ufuta na ndizi. Kama mnakwenda The Rock, mkahawa ulio juu ya mwamba baharini kule Michamvi Pingwe, ambako hupati bei nafuu na meza inawekwa mapema, tazama maji pia: siku za bamvu mtaingia kwa miguu mchana na kurudi kwa mashua jioni, basi wavue watoto viatu mapema.