Ile noti haijakosewa: muziki wa asili wa Kiarabu unavyojengwa

Kila tukipokea wanafunzi wapya wa udi (ile ala ya nyuzi) hapa chuoni swali ni lilelile, ticha mbona noti ya tatu kama imelegea? Haijalegea. Ukipiga maqamu (mfumo wa noti na taratibu zake) iitwayo Rast kuanzia do, unapanda re, halafu mi yenyewe inakaa katikati, sio mi ya piano wala sio mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu), na ndo maana piano ya kawaida haiwezi kuitoa hata ufanyeje. Shingo ya udi haina vile vichuma vya gitaa so kidole kinajitafutia chenyewe, ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa, nayo ina vichuma vidogo pembeni ambavyo mpigaji anavipandisha na kuvishusha hukuhuku anapiga.

Vitabuni oktavu (toka do hadi do ya juu yake) inagawanywa robo za toni 24 sawasawa, inapendeza kwenye karatasi, ila mwaka 1932 pale Cairo kwenye mkutano ulioitishwa na Mfalme Fuad, hata mtunzi wa Hungaria Béla Bartók alikuwepo, wataalamu walibishana sana juu ya vipimo hivyo. Mi ya Rast ya Mturuki iko juu kidogo kuliko ya Mmisri, sasa robo ipi hapo? Mimi nawaambia wanafunzi waache namba kwanza, wasikilize.

Maqamu si kupanda na kushuka noti nane tu. Inaungwa na vipande vya noti tatu, nne au tano vinavyoitwa jinsi, na kuna adabu zake, unaanzia wapi, unatulia wapi, lini unaruhusiwa kutoka kwenda maqamu nyingine na lini urudi. Hata asiyewahi kushika ala anazijua bila kujua, maana wasomaji wengi wa Qur'ani wa Misri huanza na maqamu ya Bayati chini taratibu, wanapanda, wanapita Rast au maqamu ya Saba yenye huzuni, wanafunga na Bayati tena (tilawa si muziki, tusigombane, ila maqamu ni hizohizo). Kwenye ala utaisikia vizuri kwenye taqsim, pale mpigaji mmoja anajitungia papo hapo, mara nyingi bila mdundo.

Kodi za gitaa (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) usizitafute, kwa asili hazipo. Wote wanapiga melodi moja, kila mtu na nakshi zake.

Mdundo una sauti mbili kubwa, dum nzito na tak kavu. Mdundo uitwao samai thaqil, unaotumika kwenye tungo za samai, una hesabu 10: dum, kimya, kimya, tak, kimya, dum, dum, tak, kimya, kimya. Sehemu ya nne ya tungo ya samai kwa kawaida inabadilika kuwa hesabu 3 au 6, na hapo ndo wanafunzi wanapotea kabisa lol.

Zanzibar inasimuliwa Sultan Barghash alimtuma Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze ganuni. Leo taarab nyingi inapigwa kwa kinanda, na noti za katikati zimepotea, kwangu mimi ni hasara. Vinanda vingine vina batani ya kushusha noti robo, kama chako kinayo anza na noti mbili, mi na si (ya saba), hapo unayo Rast ya kuanzia do.