Kompyuta Nzito Haiponi kwa RAM Peke Yake

Ingia steshenari yoyote Mtwara mjini, lalamika kwamba kompyuta yako ya mezani imekuwa nzito, na utaambiwa: "Ongeza RAM." Ushauri huo umewala watu wengi hela bure.

RAM ni kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi; kuiongeza husaidia pale tu inapojaa. Kama una GB 8 na kazi yako ni kuchapa barua, kuprinti na kufungua kurasa chache za intaneti, hata ukifikisha GB 16 hutaona tofauti ya maana. Mara nyingi tatizo ni diski ya kuhifadhia ya zamani (hard disk), ile yenye sahani zinazozunguka, nyingi mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachohangaika huku na huko kutafuta faili. Kila utafutaji hula milisekunde kumi hivi. SSD, diski ya kisasa inayohifadhi kwenye chipu, haina kinachozunguka. Huipata faili chini ya milisekunde moja.

Usibishane na fundi, pima. Mashine ya Windows ikikwama, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame "Memory" (yaani RAM) na "Disk". Diski ikigota 100% huku RAM iko nusu, mchawi umeshamjua.

SSD ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) ya GB 240 inatosha, na huingia hata kwenye mashine nyingi za mwaka 2010. Diski ya zamani ibaki ya kuwekea picha na filamu. Ukiwa na RAM ya GB 4 tu, hapo fundi ana hoja. Ila hakikisha aina ya RAM kwanza: DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR3, na kurudisha kifaa Kariakoo ni nauli nyingine.