Kuinamisha kidevu si zoezi la kumeza

Mgonjwa wa kiharusi akianza kupaliwa na chai, washauri hawakosi: "Afanye mazoezi ya kumeza, awe anainamisha kidevu." Kidevu kinawasaidia baadhi ya wagonjwa, sikatai. Ila hilo si zoezi.

Mazoezi ya kumeza ni kazi inayopewa misuli ya ulimi, koo na shingo, aghalabu bila chakula mdomoni, ili baada ya wiki kadhaa mtu ameze vizuri zaidi. Basi.

Kuinamisha kidevu ni kinga ya tonge moja. Njia ya hewa inabanwa kidogo, tonge linapita, ukiinua kichwa mambo ni yale yale. Uinamishe mwaka mzima, nguvu ya misuli haiongezeki kwa hilo. Uji mzito badala ya maji nao ni wa kundi hilo hilo: unashuka taratibu, njia ya hewa inapata muda wa kujifunga. Ni msaada mkubwa, lakini aliyeishia hapo mazoezi hajayaanza.

Zoezi lenyewe linachosha. Chukua la Shaker, lenye jina la daktari Reza Shaker wa Marekani. Unalala chali bila mto, unainua kichwa mpaka uone vidole vya miguu, mabega yasibanduke. Unakaa hivyo dakika nzima, unapumzika dakika, mara tatu. Kisha unainua na kushusha mara 30 mfululizo. Yote hayo mara tatu kwa siku, wiki sita. Inayofanyishwa kazi ni misuli ya chini ya kidevu, ile inayovuta zoloto, kisanduku cha sauti kooni, juu na mbele hadi mlango wa umio, njia ya chakula, ufunguke. Mwenye shingo mbovu hapewi hili.

La Masako ni kubana ncha ya ulimi kwa meno na kumeza mate. Mate tu! Ukitia chakula, mabaki yanasalia kooni, na njia ya hewa haifungwi muda wa kutosha.

Ndiyo maana ule ushauri wa "mzoesheni kwa maji kidogo kidogo" unanikera. Maji hupita kasi kuliko koo dhaifu linavyoweza kuyawahi, na wapo ambao yanawaingia mapafuni bila hata kukohoa. Kwa hiyo babu akiinama na kikombe chake, semeni anajikinga. Mazoezi ni yale atakayopangiwa na mtaalamu wa tiba ya usemi na umezaji baada ya kumpima, na mengi yake hayahitaji kikombe.