Kilomita za msituni si za barabarani: dhana potofu kuhusu safari za miguu

Ukitangaza tu kwamba unataka kutembea msituni siku mbili tatu na begi mgongoni, washauri watajaa. Mengi watakayokuambia ni kweli kabisa, ila kwa barabara ya lami. Njia yenye mizizi, mawe na matope ina hesabu zake. Dhana zifuatazo nimewahi kuziamini karibu zote, na baadhi miguu yangu bado inazikumbuka.

"Kilomita 16? Hiyo si zaidi ya saa nne."

Hii ndiyo inayoharibu safari nyingi kuliko nyoka na dubu wakiwekwa pamoja. Mtu huchukua mwendo wake wa kawaida, kilomita nne au tano kwa saa, akagawanya, akalala usingizi mnono.

Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila maili 3, kisha ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 unazopanda. Kwa vipimo vyetu ni kama kilomita 5 kwa saa, na saa ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo kilomita 16 zenye mita 900 za kupanda ni takriban saa tano, si tatu na ushei. Na Naismith alikuwa akimfikiria mtu mwenye pumzi, kwenye njia ya wastani, bila kuhesabu muda wa kula wala kufunga kamba za viatu. Mwenye begi zito kwenye njia mbovu akipata kilomita mbili kwa saa, ashukuru.

Mara yangu ya kwanza sikuelewa muda ulikuwa unakwenda wapi. Ulikuwa unakwenda kwenye vitu vidogo. Mzizi uliolowa huteleza kama sabuni, kwa hiyo kila hatua inachaguliwa. Mti umeanguka njiani: vua begi, lisukume chini ya shina, tambaa, lichukue, livae, kaza mikanda. Dakika tano zimekwisha na umesogea mita tatu. Tulifika kwenye kambi giza limeshaingia, tukasimamisha hema mmoja wetu akiwa ameuma simu kwa meno ili tupate mwanga.

Kwenye ramani hesabu mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, usitazame urefu wa njia peke yake. Tena usichukue tu tofauti ya urefu kati ya mwanzo na mwisho, maana njia inayopanda mita 100 na kushuka 100 mara sita imekupandisha mita 600 ingawa umeishia usawa uleule. Kisha panga saa ya kugeuka kabla hujaondoka nyumbani. Ikifika na hujafika ulikokusudia, unageuka. Ukisubiri kuiamua hukohuko juu, utajidanganya.

"Mtandao ukikatika, GPS nayo imekufa." Na pacha wake: "Simu ipo, ramani ya nini?"

Zote mbili si kweli. GPS ya simu hupokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja, haihitaji mtandao. Kinachohitaji mtandao ni picha ya ramani, na hiyo unaipakua mapema. Lakini majani mazito na mabonde marefu hudhoofisha mawimbi, baridi humaliza betri, na simu inayohangaika kutafuta mtandao usiokuwepo huikausha haraka zaidi. Iweke kwenye hali ya ndege, na beba ramani ya karatasi na dira unayojua kuitumia. Dira ambayo hujawahi kuifungua ni pambo.

Mwaka 2013 mwanamke mmoja aliyekuwa akitembea njia ya Appalachian, huko Maine nchini Marekani, alitoka njiani kidogo kwenda kujisaidia, akashindwa kuiona tena njia. Ujumbe alioandika kwenye simu kuomba msaada haukutoka. Aliishi zaidi ya wiki tatu kwenye hema lake. Mabaki yake yalipatikana mwaka 2015. Ninapokwenda haja msituni sasa, naacha begi au kitambaa cha rangi kali njiani, na kila baada ya hatua chache nageuka kutazama nilikotoka. Na kuna karatasi nyumbani: nitapita wapi, nitarudi lini, na ni saa ngapi mtu aanze kupiga simu za kutafuta msaada.

"Mimi huwa sipotei."

Watafiti wa taasisi ya Max Planck iliyoko Tübingen, Ujerumani, walilijaribu hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Waliwaambia watu watembee kwa kunyoosha ndani ya msitu. Waliotembea siku ya mawingu walizunguka, baadhi wakavuka nyayo zao wenyewe bila kutambua. Waliouona jua walinyoosha vizuri. Kwa maneno mengine, "hisia ya mwelekeo" tunayojivunia kwa sehemu kubwa ni jua. Na ule ukijani wa kwenye magome unaosemekana huota upande wa kaskazini? Huota popote penye unyevu na kivuli, na msituni hapo ni pande zote.

"Heri nibebe, huenda nikahitaji."

Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni uti wako wa mgongo. Mwaka 1955 bibi mmoja wa Marekani, Emma Gatewood, akiwa na miaka 67, alitembea njia yote ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na raba za turubai na mfuko aliojishonea akiutupia begani. Simshauri mtu aige mfuko ule. Lakini mwaga vitu vyako vyote sakafuni usiku wa kabla, uone ni vingapi vinaitwa "huenda". Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilikuta visu vitatu.

Usipunguze hivi: koti la mvua, tochi ya kichwani, dawa na bendeji, chakula cha mlo mmoja wa ziada, na nguo kavu za kulalia zilizofungwa ndani ya plastiki.

"Hakuna theluji, kwa hiyo baridi haiui."

Joto la mwili hushuka hadi kiwango cha hatari hata hewa ikiwa nyuzi 10, mradi umelowa na upepo unavuma. Maji huchukua joto la mwili haraka takriban mara 25 kuliko hewa tulivu, na fulana ya pamba iliyolowa jasho au mvua hukushikia maji hayo kifuani. Vaa sufu au poliesta. Anayetetemeka, anayejikwaa ovyo na kuanza kuzungumza kilevi, mvue nguo za majimaji, mfunike, mpe kitu cha moto kama anaweza kumeza. Pombe usimpe. Hupanua mishipa ya ngozini, mtu akahisi joto wakati joto lenyewe linamtoroka.

"Maji yanayotiririka hayana shida."

Vimelea kama giardia havionekani, na mnyama aliyekufia juu ya kijito hakutoa taarifa. Chemsha hadi yatokote dakika moja, au tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Kichujio kizuri kinafaa, ila vingi haviondoi virusi, na kikiganda kwa baridi kinaweza kupasuka ndani bila wewe kujua.

"Nimenunua buti mpya, niko tayari."

Hujawa tayari. Zivae wiki kadhaa kwanza. Buti zisizopenyeza maji nazo zina kasoro: maji yakiingia kwa juu, hayatoki. Ukihisi kijoto kidogo kwenye kisigino, simama hapohapo, vua soksi, bandika plasta. Mimi nilisema "tukifika kileleni nitatazama". Kileleni nilikuta lengelenge la ukubwa wa sarafu, limeshapasuka, na kilomita tisa za kurudi.

"Tambarare ikipatikana, piga hema."

Tazama juu kwanza. Tawi kavu lililonasa kati ya matawi mabichi, au mti uliokufa umesimama, huanguka usiku upepo ukija, tena wakati mwingine bila upepo. Kisha tazama chini: kibonde laini chenye majani yaliyolala upande mmoja ni njia ya maji. Hamia kando, hata kama pale pengine kuna mzizi utakaokuchoma mbavuni hadi asubuhi.